Ya Kunukia na ya Asili: Je, Tumebadili Nini?



Mwisho wa kikao kimoja cha wazee wa mtaa wetu, baada ya kumaliza habari za mabati ya kanisa na michango iliyochelewa, mzee mmoja akaaye kando ya Ziwa Jipe alituomba tusiondoke kwanza. Alitoa kiko mfukoni, akakiweka juu ya meza, akasema: "Ndugu zangu, naomba mniambie kweli. Kwa miaka mingi nimevuta tumbaku ya makopo, ile ya kunukia, aliyokuwa akiniletea kijana wangu aliye ng'ambo. Sasa nimeiacha. Nimelirudia jani letu lisilotiwa kitu. Je, nimetubu, au nimebadili kopo tu?"

Tulicheka, naye akacheka. Lakini tulipotawanyika, swali lile lilitufuata njiani. Hatukuwa na jibu la papo hapo, tukamwahidi kwamba tutalifikiri na kuliandika katika kurasa hizi ili wengine nao wapate kulipima. Wala msidhani ni swali la wavuta kiko peke yao. Wako kati yetu walioacha pombe ya chupa wakashika ya kienyeji, wakasema hii haina dawa. Wako walioacha kusengenya kwa maneno matamu, sasa wanasengenya waziwazi, wakijisifu kwamba wao ni wasema kweli. Wote hao wamebadili kitu, na swali ni kitu gani.

Yatupasa kwanza kukijua chenyewe tunachokisema. Tumbaku ya kunukia si mmea mwingine. Ni jani lilelile, ila limepitia mikononi mwa watu wa kiwandani. Huloweshwa kwa sukari, asali au maji ya mizizi mitamu, kisha hunyunyiziwa harufu ya vanila, ya matunda, au ya pombe kali. Aina moja ya jani, ile ikaushwayo kwa hewa tu, karibu haina sukari yake yenyewe, na kwa sababu hiyo hunywa utamu wa kutiwa kama sifongo. Tena hutiwa dawa ya kulinda unyevu ili lisikauke koponi. Ukilifungua kopo hilo, nyumba nzima hunukia kama siku ya Krismasi.

Ile iitwayo ya asili ni jani lisilotiwa sukari wala manukato. Huku kwetu huuzwa gulioni, limesokotwa kama kamba, nawe unakata kipande kwa kisu na kukisugua kiganjani. Harufu yake ni kali, na anayelivuta mara ya kwanza hukohoa na kutokwa machozi.

Tulimwuliza mzee wetu kwa nini aliacha ile akashika hii. Alitaja sababu tatu. Tumeziweka hapa kwa utaratibu wake, kwa maana kila moja ina uzito wake, nazo hazilingani.

Sababu ya kwanza ilikuwa ulimi. Alisema ile ya kunukia ilimwunguza. Wavuta kiko wengi husema vivyo hivyo. Tumbaku yenye unyevu na sukari nyingi ni ngumu kushika moto, basi mvutaji huvuta kwa nguvu na kwa haraka, na mvuke wa moto humchoma ulimi. Hii ni sababu ya haki, lakini tusiipe sifa isiyo yake. Mtu akibadili viatu kwa kuwa vinambana, hatusemi ametubu. Amepata nafuu, basi.

Sababu ya pili ilikuwa ukweli, na hapa tulimsikiliza kwa makini zaidi. Alisema: "Nilipokuwa navuta ile ya makopo, sikujua navuta nini. Nilidhani naipenda tumbaku, kumbe naipenda vanila. Nikaona ni vema nionane nayo uso kwa uso."

Naam, neno hilo ni zito. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kinachohitaji kuvikwa asali ndipo kikubalike yafaa kukiuliza kinaficha nini. Mwili wa mtu hukataa moshi. Kikohozi kile cha kwanza na machozi yale ni onyo, mfano wa mbwa abwekaye usiku. Manukato humtupia mbwa yule mnofu ili anyamaze, na mgeni aingie ndani. Mzee wetu ameuondoa mnofu. Amechagua kulisikia onyo, kuliko kulizima. Twasema bila kusita kwamba hiyo ni hatua, tena hatua ya mtu mwenye dhamiri.

Lakini hapohapo yatupasa kuwa waangalifu, kwa maana neno lenyewe "asili" linaweza kuwa manukato mapya. Tunalipenda neno hilo. Tukisikia dawa ya asili, chakula cha asili, mara moyo hutulia, kana kwamba kila kilichotoka udongoni kimeoshwa hatia. Ndugu, sisi wa Jipe tungekuwa wa mwisho kudanganywa hivyo. Tazameni ziwa letu. Magugu yaliyoziba mwambao hayakutengenezwa kiwandani. Ni ya asili kabisa, huota kwa maji na matope yashukayo na mto Lumi na vijito vya milima ya Upare, nayo yamewafungia wavuvi njia ya mitumbwi. Mamba naye ni wa asili. Hajatiwa sukari wala rangi, lakini hakuna mama amwachiaye mtoto wake acheze naye.

Vivyo hivyo na tumbaku. Nikotini, ile sumu imfungayo mvutaji asiweze kuacha, haikuongezwa na mtu. Mmea wenyewe huitengeneza mizizini na kuipeleka majanini ili kujilinda na wadudu. Na lami iingiayo kifuani haitoki katika vanila. Hutoka katika jani lolote linaloungua. Watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza mwaka 1950 jinsi uvutaji unavyofuatana na kansa ya mapafu. Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kiliandika hivyo mwaka 1962, na mganga mkuu wa serikali ya Marekani mwaka 1964. Tangu hapo ushahidi umezidi tu, na leo Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Mvuta kiko asiyemeza moshi ana hatari ndogo kuliko mvuta sigara kwa upande wa mapafu, lakini midomo, ulimi na koo lake vimo hatarini, jani liwe tamu au liwe chungu. Huko Marekani, mwaka 2015, serikali iliyaonya makampuni matatu yaliyoandika juu ya sigara zao kwamba ni za asili au hazikutiwa kitu, kwa kuwa mnunuzi angedhani zina madhara machache kuliko nyingine. Mwaona? Walikuwa wameondoa manukato katika jani, wakayapaka katika neno.

Tena, je, liko wapi jani lisiloguswa na mkono wa mtu? Tumbaku ya moshi ya Songea hutundikwa juu ya moto hata ikaiva kwa moshi. Ile ya Urambo na Tabora hukaushwa katika mabani kwa joto la kuni, na kuni hizo ni miti ya miombo iliyokatwa. Lile jani jeusi liitwalo Latakia, linalosifiwa sana na wavuta kiko wa Ulaya wasiopenda manukato, hufukizwa moshi wa kuni katika kisiwa cha Kipro, alikotoka Barnaba. Na ugoro wa bibi zetu hutiwa magadi, nayo magadi huifanya nikotini ipenye upesi zaidi. Basi anayesema "mimi natumia ya asili tu" aulize tena. Hata mmea wenyewe ni mgeni kwetu. Ulitoka Amerika, ukaletwa pwani na Wareno, na kutoka huko ukapanda bara mpaka milimani. Tumeuzoea mpaka tukauita wetu.

Sababu ya tatu aliitaja mwisho, tena kwa sauti ya chini. Alisema: "Mjukuu wangu alifungua kopo. Alitia pua ndani, akasema, Babu, hii yanukia kama biskuti, nami nitaonja lini?"

Hapo hatukucheka. Sababu mbili za kwanza zilimhusu yeye na kiko chake. Hii ya tatu ilimhusu mwingine, tena mdogo asiyejua kuchagua. Ndiyo sababu nchi kadhaa zimeinuka juu ya jambo hili. Marekani ilizuia mwaka 2009 sigara zenye ladha za matunda na peremende, ingawa wakati huo iliiacha ile ya mnanaa. Jirani zetu wa Uganda walipitisha sheria mwaka 2015 iliyokataza tumbaku zenye ladha, pamoja na shisha. Kwetu Tanzania shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2017. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 ilikwisha kukataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Waliotunga sheria hizo walijua kwamba mtu mzima aliyezoea hahitaji sukari. Sukari ni ya yule ambaye bado hajaanza.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za nyama zilizotolewa kwa sanamu, hakubishana nao kama nyama ni nyama. Aliwaambia waangalie ni nani aketiye karibu nao wanapokula, asije aliye dhaifu akakwazwa na uhuru wao. Twaona mzee wetu aliifikia hoja hiyohiyo kwa njia ya kopo la bati. Huenda hakuwa na shaka juu ya haki yake ya kuvuta. Lakini alimwona mtoto, akaifunga haki hiyo kwa ajili ya mtoto.

Sasa twaweza kurudi kwenye swali lake. Kanisa halijawa na sauti moja juu ya tumbaku. Wenzetu Wasabato, waliofika Upare Kusini mwaka 1903, wamefundisha tangu mwanzo kwamba tumbaku haimfai mwamini. Katika Kanisa letu, wengi walioguswa na ule uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 waliacha tumbaku pamoja na pombe. Wengine, wachungaji na walei, walivuta kiko mpaka kufa kwao, wala hatuthubutu kusema hawakuwa watu wa Mungu.

Ni rahisi pia kukemea kwa mdomo na kupokea kwa mkono. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, ambaye tafsiri mashuhuri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huitwa kwa jina lake, aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku mwaka 1604, akapandisha ushuru wake kutoka peni 2 hadi shilingi 6 na peni 10 kwa ratili. Lakini koloni la Virginia, ambalo mji wake wa Jamestown ulianzishwa mwaka 1607 na kupewa jina lake, likaja kuishi kwa tumbaku, na hazina ya mfalme haikuukataa ushuru. Tusimcheke mno. Hata sisi hatujapata kuirudisha sadaka ya muuza ugoro.

Kwa hiyo hatutaki kumtungia mzee wetu amri mpya. Twataka kumpa kipimo. Kipimo chetu ni hiki: hatua ya nusu ni njema ikiwa ni hatua, ni mbaya ikiwa ni kiti. Aachaye manukato ili aone kweli, kisha akaendelea kuitazama ile kweli, huyo yuko safarini. Aachaye manukato kisha akaketi na kusema "sasa niko salama, hii ni ya asili," huyo amepata mahali pazuri zaidi pa kulala. Afadhali yule wa makopo, ambaye pengine bado anasumbuliwa na dhamiri, kuliko wa asili ambaye dhamiri yake imelazwa na neno zuri.

Na namna ya kujua kama tuko safarini au tumeketi ni kujiuliza: je, naweza kukiweka chini? Si kesho, wala si baada ya mavuno. Leo, kwa siku tatu. Anayeweza kukiweka kitu chini ana kitu. Asiyeweza, kitu kina yeye. Swali hilo halina habari na vanila.

Twajua lipo jibu moja ambalo wazee hulitoa, nalo si la kudharauliwa. Husema: "Mimi miaka yangu imekwisha kwenda. Nimelima, nimesomesha, nimezika. Mniachie kijifurahisho hiki kimoja jioni, nikilitazama ziwa." Ndugu, tuliposikia maneno hayo tulinyamaza, kwa sababu kumnyang'anya mzee faraja yake ni jambo la aibu. Hatutamnyang'anya. Lakini kweli nayo ni haki ya mzee, wala si ya vijana peke yao. Yule Doll tuliyemtaja aliwafuata madaktari wavutaji kwa miaka 50, akaandika mwaka 2004 kwamba aliyeacha sigara akiwa na miaka 60 alipata kama miaka 3 ya kuishi zaidi, na aliyeacha akiwa na miaka 50 kama miaka 6. Kwa hiyo si kweli kwamba mzee amechelewa. Miaka 3 ni mingi kwa mtu mwenye wajukuu.

Tulikwenda kumpelekea jibu hili siku ya Jumamosi. Tulimkuta chini ya mti, anautazama upande wa ziwa, kiko kimo mkononi lakini hakina moto. Tulimsomea yote mliyoyasoma hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mmesahau jambo moja. Mmesema nimemlinda mtoto na lile kopo. Lakini ni nani aliyekuwa akiniletea kaa la moto kutoka jikoni kila jioni? Ni yeye. Alilibeba kwa koleo, akalipuliza njiani lisizime, akanishikia mpaka kiko kikashika. Kisha akaketi hapa miguuni pangu ndani ya moshi, nami nikimhadithia. Nilimwondolea harufu, nikamwachia moshi."

Tulikuwa hatuna la kuongeza. Moshi haumchagui mvutaji, na mapafu ya mtoto ni madogo kuliko yetu. Sisi tulikuwa tumeandika kurasa nzima juu ya jani, naye amemwona mtoto mwenye koleo.

Tulimwuliza sasa anafanyaje. Akajibu: "Nimemwambia asiniletee tena. Nikitaka moto, nainuka mwenyewe, nakwenda kuvuta kule nyuma ya zizi. Nanyi mnajua magoti yangu. Zamani nilivuta mara tano kwa siku. Juzi niliinuka mara mbili. Jana mara moja. Leo bado nafikiri kama safari ya zizini ina faida."

Hatujui atafika wapi. Lakini kama angetuuliza tena swali lile la kikaoni, tungemjibu hivi: Mzee wetu, siku ulipobadili kopo ulibadili ladha, na siku ulipomwambia mtoto asilete tena kaa, hapo ndipo ulipoanza kubadilika wewe.

Na sisi wengine, kila mtu na aangalie nyumbani kwake. Huenda hatuvuti kiko. Lakini yako mambo tuliyoyaondolea manukato tukayaita ya asili, na yuko mtoto anayetuletea kaa la moto kila jioni. Tumtafute ni nani.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaandika habari nyingine. Wenye maoni juu ya hii na watuletee baada ya ibada.